Pande Mbili za Mji: Ngoma na Mashindano Katika Mombasa ya Kale

Historia ya mikusanyiko ya watu katika kisiwa cha Mombasa haina budi kuanza na migawanyiko yao, kwa kuwa katika mji huo watu wa asili mbalimbali walizoea kukutana wakiwa wamegawanyika kwanza. Mji wenyewe, ambao wenyeji wake huuita Mvita, ulikwisha kuwa bandari yenye misikiti ya mbao wakati Ibn Battuta alipopita mwaka 1331, na katika karne zilizofuata ulipokea wahamiaji kutoka miji ya kaskazini kama Pate, Faza na Shaka, watu wa bara walio jirani, Waarabu wa Oman na wa Hadhramaut, Wabaluchi waliokuja kama askari, na wafanyabiashara wa Kihindi wa madhehebu tofauti. Kila kundi lilikuwa na msikiti wake, mtaa wake na kumbukumbu yake ya lini lilifika. Swali linalostahili kuulizwa na mwanahistoria, basi, ni namna watu hao walivyofanikiwa kuwa mji mmoja, na jibu linalojitokeza katika kumbukumbu za karne ya 19 na ya 20 ni kwamba kwa sehemu kubwa walifanya hivyo kwa kushindana.

Waswahili wa Mombasa walijipanga katika makundi kumi na mawili yanayojulikana kama Thenashara Taifa. Makundi hayo yaligawanyika pande mbili: Thelatha Taifa, yaani mataifa matatu ya Kilindini, Tangana na Changamwe, na Tisa Taifa, yaani mataifa tisa ya Mvita, Jomvu, Kilifi, Mtwapa, Pate, Faza, Shaka, Bajuni na Katwa. Neno taifa hapa lina maana ya kundi la koo zinazodai chimbuko moja, na majina mengi yanataja mahali walikotoka mababu. Kila upande ulikuwa na mkuu wake aliyeitwa Tamim, na kila upande ulikuwa na urafiki wa kudumu na Wamijikenda wa bara: Thelatha Taifa walifungamana na Wadigo na Waduruma, ilhali Tisa Taifa walifungamana na Wagiriama na jamaa zao wa kaskazini. Mgawanyiko huo uliwahi kuwa wa vita na wa ugomvi wa ardhi, na watawala wa nje hawakuchelewa kuutumia. Seyyid Said wa Zanzibar alipowashinda Wamazrui waliokuwa wakiutawala mji na kuitwaa Ngome ya Yesu mwaka 1837, aliukuta mji ambao nusu yake haikuwa na sababu ya kuwalilia walioshindwa. Hata hivyo pande hizo mbili ziliishi kisiwa kimoja, zikaoana, zikauziana, na mara moja kwa mwaka zikashiriki shughuli moja ambayo haikuwezekana kufanywa na upande mmoja peke yake.

Shughuli hiyo ni Siku ya Mwaka, ambayo pia huitwa Nairuzi, jina lililotoka Uajemi. Mwaka unaohusika ni wa jua, wenye siku 365 zinazohesabiwa kwa miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi, na wavuvi, mabaharia na wakulima wa pwani waliutumia kujua majira ya kaskazi na kusi, wakati wa kupanda na wakati wa kutia chombo baharini, mambo ambayo mwaka wa mwezi wa Kiislamu hauwezi kuyaonyesha kwa sababu husogea. Kwa kuwa hesabu hiyo haina siku ya nyongeza, Siku ya Mwaka hurudi nyuma siku moja kila miaka minne ikilinganishwa na kalenda ya Kizungu. Katika Mombasa siku hiyo iliambatana na kuoga baharini, dua, na kuzungushwa kwa ng'ombe. Ng'ombe huyo alitembezwa kuuzunguka mji huku wanaomfuata wakisoma Kurani na dhikri, kisha akachinjwa na nyama yake kuliwa kwa pamoja, ili mabaya ya mwaka unaokwisha yaondoke na mji ulindwe katika ule unaoingia. P. J. L. Frankl, aliyechapisha makala ya kitaalamu kuhusu desturi hiyo mwaka 1993, alionyesha kwamba ilikuwa bado hai Mombasa katika miaka hiyo. Mahali panapohusishwa nayo ni kaburi linalonasibishwa na Shehe Mvita, mwasisi wa mji katika masimulizi ya wenyeji, ambalo liko nje ya Mji wa Kale karibu na shule ya Allidina Visram.

Mpaka aliopita ng'ombe ulikuwa mpaka wa mji mzima, haukuwa wa mtaa huu wala ule, na kwa hiyo aliyefuata nyuma yake alikuwa akitangaza kwamba yeye ni wa Mvita kabla ya kuwa wa Kilindini au wa Pate. Baadhi ya wanazuoni waliipinga desturi hiyo wakisema ni bidaa, yaani uzushi usio na msingi katika dini, na hoja yao haikuwa dhaifu. Lakini kwa mwanahistoria wa jamii, uzito wake uko katika watu waliojumuika, na katika kizazi kimoja kilichomrithisha kingine njia ya kupita.

Miaka ya mwisho ya karne ya 19 ilibadilisha idadi na hali ya watu waliostahili kujumuika. Kampuni ya Waingereza ilianza kazi Mombasa mwaka 1888, himaya ikatangazwa mwaka 1895, ujenzi wa reli ukaanza mwaka 1896, na katika muda mfupi kisiwa kilijaa makarani, askari, mafundi kutoka Bara Hindi na vibarua wa bara. Upande wa pili wa maji, katika Freretown, wamisionari wa Kianglikana walikuwa wameweka makazi ya watumwa walioachiwa huru tangu miaka ya 1870, wengi wao wakiwa na asili ya mbali kusini, kama vile Wayao na Wanyasa. Utumwa wenyewe ulikomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Sheria hiyo ilifuta hali ya utumwa, lakini haikuwapa walioachwa huru ukoo, wala haikuwaondolea waungwana dhana kwamba mtu mwenye nasaba ni mbora kuliko asiye nayo. Hapo ndipo ngoma zilipopata kazi mpya.

Beni ni ngoma iliyotokana na bendi za matarumbeta ambazo watu wa pwani walizisikia katika jumba la Sultani wa Zanzibar, katika vikosi vya askari na katika vituo vya misheni, Freretown kikiwa kimojawapo. Vijana waliichukua sura ya gwaride, ngoma kubwa, sare na ngazi za vyeo, wakaifanya yao kwa nyimbo za Kiswahili za kujisifu na kukejeliana. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu beni, alionyesha jinsi ngoma hiyo ilivyoanzia katika miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890 na kusambaa hadi Tanganyika na kwingineko, hasa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake. Wakoloni wengi waliiona kuwa ni uigaji wa kitoto, na wachache wakaiogopa kuwa ni jeshi la siri. Maoni yote mawili yanapotosha. Waliocheza beni walikuwa wakishindana kwa njia ambayo miji ya Waswahili iliijua kwa muda mrefu, nusu moja ya mji dhidi ya nyingine, na sare za kijeshi zilikuwa tu vazi jipya la ushindani huo, kama mashairi ya kujibizana yalivyokuwa silaha yake katika enzi ya mshairi Muyaka bin Haji mwanzoni mwa karne ya 19. Katika Mombasa pande hizo ziliitwa Kingi na Skochi, la kwanza likichukua jina la mfalme wa Uingereza na la pili la Waskoti, ambao askari wao walivutia macho kwa mavazi.

Wanawake walikuwa na ngoma yao, na kwa upande wa historia ya kuchanganyika kwa watu ndiyo iliyo muhimu zaidi. Lelemama ilishika Mombasa tangu mwisho wa karne ya 19, ikatawala maisha ya burudani ya wanawake Waislamu wa mji kwa takriban nusu karne. Wachezaji walisimama kwa safu, wamevaa mavazi ya namna moja, na hawakurukaruka wala kuzunguka. Uzuri wa ngoma ulikuwa katika utulivu, mikono na vichwa vikisogea kidogo na kwa pamoja, mwili ukiyumba taratibu, huku wapigaji wakienda na ngoma na zumari, na mwimbaji akitoa ubeti unaopokewa na wengine. Ilitofautiana kabisa na vugo, ambayo wanawake waliicheza wakipita njiani katika arusi wakigonga pembe kwa vijiti, na pia na chakacha, ambayo kiuno ndicho kinachosema. Mgeni asiyejua Kiswahili angeweza kuitazama lelemama akadhani ni ngoma ya upole. Anayejua lugha alisikia mengine, maana nyimbo zilijaa mafumbo, na mwanamke aliyevunjiwa heshima, aliyeibiwa mume au aliyeshindwa kulipa ahadi ya chama angeweza kujisikia akitajwa bila ya kutajwa, mbele ya mji mzima, na upande wake ukalazimika kutunga jibu kabla ya ngoma ijayo.

Vyama vya lelemama navyo viliitwa Kingi na Skochi, na baadaye vikatokea vingine vilivyoshindana vivyo hivyo, mashuhuri vikiwa Ibinaal Watan na Banu Saada. Margaret Strobel, aliyeandika historia ya wanawake Waislamu wa Mombasa kati ya mwaka 1890 na 1975, alieleza muundo wake: kila chama kilikuwa na viongozi wenye vyeo, na mwanamke alipanda cheo kwa kuwalisha wenzake, jambo lililohitaji ng'ombe, mchele, samli na siku nzima ya kazi jikoni. Wanachama walisaidiana katika arusi na matanga, walichangiana, na walipewa nafasi ya kuongoza ambayo hawakuipata msikitini wala barazani. Ni vyema kukumbuka kwamba hao walikuwa wanawake waliotoka nyumbani wakiwa wamejifunika buibui, na ambao kwa desturi ya waungwana hawakutakiwa kuonekana kabisa.

Ndani ya safu hiyo moja walisimama wanawake ambao nje yake wangetengana. Binti wa Thenashara Taifa, mwanamke wa Kiarabu, na mjukuu wa mtumwa walivaa sare moja na kuitetea heshima ya chama kimoja, na kwa kuwa ushindi ulihitaji watu wengi, fedha nyingi na watunzi hodari wa nyimbo, chama kisichofungua mlango kilijinyima nguvu. Hapa ndipo faida ya mashindano ilipoonekana: mtu hakukaribishwa kwa huruma, alikaribishwa kwa sababu alihitajika. Mwanamke mwenye asili ya utumwa aliyekuwa na sauti au kipaji cha kutunga alikuwa hazina ambayo upande wa pili ungeweza kuinyakua. Lakini itakuwa kosa kulipamba jambo hili kupita kiasi. Uongozi wa juu uliegemea wenye mali na nasaba, na kuketi pamoja katika karamu hakukufanya familia za waungwana zikubali posa kutoka kwa wazao wa watumwa. Usawa wa lelemama ulikuwa wa siku ya ngoma, na baada ya hapo kila mmoja alirudi nyumbani kwake akiwa na cheo chake cha kuzaliwa.

Kulikuwa na uhusiano mwingine uliofanya kazi kwa kimya zaidi. Katika mafundisho ya unyumba, msichana wa nyumba ya kiungwana alikabidhiwa somo, yaani mwanamke wa kumfunza na kumsimamia wakati wa kuvunja ungo na wa arusi, na mara nyingi somo huyo alikuwa mwenye asili ya utumwa. Mambo waliyoyajua makungwi, ambao ni walimu wa unyago, yalitoka kwa bibi zao waliochukuliwa kutoka bara la kusini, na kwa njia hiyo sehemu ya utamaduni wa Wayao na Wanyasa ikaingia katika vyumba vya ndani vya Mji wa Kale. Sherehe ya arusi ya Mombasa kama inavyojulikana leo haiwezi kuelezwa kikamilifu bila kuwataja wanawake hao, ingawa waungwana wengi wa zamani wasingependa kuambiwa hivyo.

Upinzani dhidi ya ngoma ulitoka pande mbili. Serikali ya kikoloni iliangalia amani ya barabarani na matumizi ya fedha. Wanazuoni waliangalia dini na hali ya jamii, na sauti iliyosikika zaidi ilikuwa ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932 kwa Kiswahili na Kiarabu, na ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi alipofariki mwaka 1947. Sheikh aliwataka Waislamu wa pwani wasome, wafanye biashara na waache israfu, yaani kutapanya mali katika arusi, matanga na ngoma, wakati ambapo nyumba na mashamba yalikuwa yakiuzwa kwa wengine. Hoja hiyo iligusa mahali penyewe, kwa kuwa karamu za kushindana ziliweza kula mapato ya msimu mzima. Kile ambacho wanamageuzi hawakukipa uzito ni kwamba fedha hiyo ndiyo iliyonunua ujirani kati ya watu ambao shule na gazeti vilikuwa bado havijawakutanisha.

Wakati huohuo mji ulikuwa umeupita ukuta wa mitaa ya zamani. Katika Majengo, mtaa uliokua kando ya Mji wa Kale kwa nyumba za vyumba vya kupangisha, Wamijikenda, Wajaluo, Wakamba, Wakikuyu na Waswahili waliishi mlango kwa mlango, na wengi walifanya kazi ya kubeba mizigo katika bandari ya Kilindini. Lelemama iliwafikia baadhi ya wanawake wa huko, hasa waliosilimu na kuolewa pwani, lakini wanaume wa bara walikutana kwa sababu nyingine. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 walianza mgomo uliosimamisha kazi mjini kwa siku kumi na mbili, na kila siku walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Kiembeni, Majengo, ambapo Chege Kibachia alijitokeza kuwa kiongozi wa shirika la wafanyakazi Waafrika. Mkusanyiko wa Kiembeni ulikuwa wa namna mpya katika kisiwa hicho. Watu wa makabila mengi walisimama upande mmoja, na mshindani wao, mwajiri, hakuwa mjini akicheza ngoma upande wa pili. Aliyezoea mikusanyiko ya Mvita angeona kasoro moja: mpinzani asiyeweza kualikwa kwenye karamu hana namna ya kupatanishwa, ila kwa nguvu au kwa mkataba.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia lelemama ilianza kupungua. Wasichana walikwenda shule na kuona kwamba sare za vyama na mafumbo ya ngoma ni mambo ya mama zao. Wanawake wa tabaka la juu walianza kujitenga nayo kwa kuogopa kushuka hadhi. Lakini uzoefu wa kuongoza haukupotea. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wanawake Waislamu wa Mombasa waliunda vyama vya maendeleo vilivyoshughulikia elimu ya watoto, ushonaji na hali ya wanawake, na wakati huo ndipo lilipotokea suala la wanawake wa Kiarabu kutokuwa na haki ya kupiga kura, ambalo walilitetea kwa kukusanya sahihi. Miongoni mwa walioshiriki walikuwemo waliojifunza kuita mkutano, kuchanga fedha na kugawana kazi katika lelemama. Na vyama vikubwa vilivyotokea vilikuwa viwili, navyo vilishindana, kila kimoja kikiangalia mwenzake amefanya nini.

Ushindani kati ya waimbaji wa taarabu ulijaza nafasi nyingine. Taarabu, muziki wa mashairi unaopigwa kwa udi, fidla, tari na baadaye kinanda, uliwapatia watu wa mji jukwaa la arusi ambalo halikuuliza mgeni ametoka taifa gani. Zein l'Abdin, fundi wa udi mwenye asili ya Lamu, alivutia wapenzi wa mtindo wenye ladha ya Kiarabu. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alipendwa kwa nyimbo zenye mahadhi ya filamu za Kihindi, na mashairi mengi aliyoyaimba yalitungwa na binamu yake, Ahmad Nassir, malenga mashuhuri wa Mvita. Katika duka la Assanand, familia ya Kihindi iliyorekodi na kuuza santuri za taarabu Mombasa, Mhindi, Mswahili na Mwarabu walikutana kwa biashara ya kitu ambacho wote watatu walikitambua kwa sikio. Hilo halikuwa tamasha wala mkutano, na kwa hiyo halitajwi sana katika historia, ingawa athari yake katika kuzoeana kwa watu ilikuwa kubwa kuliko ya sherehe nyingi za serikali.

Kumbukumbu za ngoma za wanawake zimehifadhiwa vizuri kuliko za beni, kwa sababu waliozicheza waliulizwa wakiwa hai. Sarah Mirza na Margaret Strobel walikusanya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, yakatolewa kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili, lugha waliyoyasimulia, mwaka 1991. Bi Kaje wa Mwenye Matano alisimulia kutoka nyumba ya kiungwana, Mishi wa Abdala alisimulia kama kungwi mwenye asili ya utumwa, na Shamsa Muhamad Muhashamy, wa kizazi kilichofuata, alieleza lelemama na vyama vilivyoirithi. Masimulizi yao hayakubaliani kila mahali, hasa kuhusu nani alikuwa nani katika mji na nani alimheshimu nani.